Tuwapime Wazee Wetu Kama Tunavyowapima Watoto

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu. Yamechapishwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya afya, kwa kuwa mimi nimefanya kazi ya utabibu kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Najua wengi wenu mlitazamia nizungumzie shinikizo la damu au kisukari, maradhi ambayo, nikivitazama vitambi vilivyokaa mbele yangu, naona yangefaa sana kuzungumzwa. (Kicheko.) Lakini leo nitazungumza juu ya kinyume cha kitambi. Nitazungumza juu ya wazee wetu wanaokonda majumbani, hapa hapa Dar es Salaam, katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, ilhali chakula kimo ndani ya nyumba.

Nitaanza na mtu mmoja ambaye wengi wetu tunamfahamu. Sisi tuliokuwa bwenini kati ya mwaka 1974 na 1977 tunamkumbuka mpishi wetu. Jina lake sitalitaja, kwa maana hakunituma nimtangaze. Mtakumbuka kwamba nchi ilikuwa imetoka katika ukame, na unga ulioletwa shuleni ulikuwa wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ule tuliouita "Yanga". Yeye ndiye aliyeusonga ugali ule kwa mwiko mrefu kama kasia. Yeye ndiye aliyejua ni nani anaumwa, akamwekea uji pembeni. Ukichelewa kwa sababu ya mpira alikukemea kwanza, kisha akafunua sufuria akakukwangulia ukoko.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 Kamati ilinituma nimpelekee mwaliko wa mkutano. Anakaa Mbagala, ndani kidogo kutoka Rangi Tatu, katika chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe. Nilipoingia uani nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya kigoda chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," halafu nikamwuliza kama mpishi wa shule yupo. Alinitazama, akacheka, akasema: "Marahaba. Umeshamsahau aliyekupa ukoko?"

Ndugu zangu, niliona haya. Lakini haya yangu haikuwa ya kumsahau tu. Nilimtazama kwa jicho la kazi yangu. Mkanda wa suruali yake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine. Mabega yalikuwa yametokeza kama kiango cha nguo. Nikamwuliza, "Mzee, umekula leo?" Akanijibu, "Nimekula mwanangu, nashukuru."

Mkwewe aliporudi nilizungumza naye. Ni mama mwema, mchapakazi. Huondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Feri kununua samaki wa kuuza. Aliniambia, "Chakula namwachia kila siku, lakini baba hali. Ni uzee huo." Akanionyesha hotipoti. Ndani mlikuwa na ugali mgumu na samaki wa kukaanga, mkavu. Nikamwomba mzee afungue kinywa. Alibakiwa na meno matatu. Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza kwamba chakula kile huwapa wajukuu wanaporudi shuleni. Kukirudisha kwa mkwe akiona hakikuguswa ingekuwa aibu, na kumwambia mkwe kwamba hawezi kutafuna ingekuwa aibu kubwa zaidi. Yeye alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na maandazi aliyoyachovya humo.

Ndilo jambo ninalotaka mlikumbuke mkitoka hapa. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya. Chakula kilipikwa kila siku, na mzee alikuwa akifa njaa taratibu mbele ya watu wanaompenda, kwa sababu kila aliyemwona alisema: ni uzee.

Ndugu Mwenyekiti, Taifa letu halikukaa kimya katika mambo ya lishe. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo redio ilituletea kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai, wazazi wetu wakakaa katika vikundi kusikiliza na kujadiliana. Kuanzia mwaka 1983 mkoani Iringa uliendeshwa mpango mkubwa wa lishe, na watoto wa vijiji vingi wakapimwa uzito mara kwa mara mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji. Hata leo mama akijifungua hupewa kadi, na kila mwezi mtoto hupelekwa kliniki akaning'inizwa kwenye mzani. Mstari wa kadi ukishuka, muuguzi humwuliza mama: amekula nini, anaumwa wapi?

Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini tazameni: waliokuwa vijana wa miaka 20 na 25 katika vikundi vile vya mwaka 1975 leo wamepita miaka 70. Nani anawapima? Mtoto akipungua kilo moja tunakimbia hospitali. Mzee akipungua kilo kumi tunampunguzia suruali.

Nami sisemi hivi kama mtu asiye na hatia. Mwaka 2009 nilikuwa nikifanya kazi Mwanza, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa Tandale na wajukuu watatu, watoto wa marehemu dada yangu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuenea, nami nilijiona mtoto mwema kwa kuwa kila mwisho wa mwezi nilituma. Kila nilipopiga simu nilimwuliza, "Mama, mmekula?" Naye hunijibu, "Tumekula, baba." Nilipokuja likizo nilimwona amekonda, nikasema moyoni, mama anazeeka. Mimi, niliyekuwa nikipima watoto wa watu kila siku ya kazi! Ni jirani yake aliyenivuta pembeni akaniambia: "Mama yako hupakua sahani tatu. Ya nne sijaiona."

Alikuwa akiwashibisha watoto kwanza, na kilichobaki, kama kilibaki, ndicho chake. Fedha niliyotuma ilikwenda kwenye sare, madaftari na kodi ya chumba. Sikuwa nimemdanganya, wala yeye hakunidanganya, kwa kuwa nilimwuliza "mmekula" naye akanijibu kwa ajili ya wote. Tangu siku ile nilibadilisha swali. Mzee haulizwi kama amekula. Anaulizwa amekula nini, saa ngapi, na amekula pamoja na nani. Mzee aliyelelewa kwa adabu za kwetu hatakuambia hata siku moja kwamba ana njaa, kwa maana kusema hivyo ni kumshtaki aliye jikoni.

Mtu anaweza kuniuliza: Tabibu, je, si kweli kwamba uzee wenyewe hukondesha? Ni kweli kwamba nguvu za misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hamu ya chakula hushuka. Lakini nawaombeni msikilize habari hii. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilichukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kikawapunguzia chakula karibu nusu kwa muda wa miezi sita hivi, ili kujifunza namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana wale walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini si mwili tu uliobadilika. Waliona baridi hata hali ya hewa ilipokuwa nzuri. Walitembea polepole. Walikuwa wakali kwa mambo madogo, wakapenda kukaa peke yao, wakakosa hamu ya mazungumzo. Hao walikuwa vijana! Sasa chukueni dalili hizo mziweke kwa mzee wa miaka 75: ananuna, anajitenga, anajifunika shuka mchana, hataki kutembea. Sisi tutasema nini? Tutasema ni uzee. Kumbe sehemu ya mambo hayo ni sahani tupu, nayo hutibika.

Hebu basi tutazame sababu zinazomfanya mzee akonde nyumbani. Nitataja zile nilizokutana nazo mara nyingi.

Ya kwanza ni kinywa. Meno yamekwisha, fizi zinauma, au meno ya bandia hayakai vizuri. Mzee huacha nyama, karanga na matunda magumu, akabaki na vitu laini visivyojenga mwili.

Ya pili ni ladha. Ulimi na pua huchoka. Chakula unachokiona wewe kitamu, kwake ni kama maji.

Ya tatu ni maradhi na dawa. Kifua kikuu, kisukari, saratani na maradhi ya figo huanza kwa wengi kwa kukonda. Aliyepata kiharusi huenda akapaliwa kila anapomeza, naye huogopa kula. Ziko dawa nazo, zikiwamo baadhi ya dawa za kisukari, ambazo huondoa hamu ya chakula. Asiziache kwa shauri lake wala la jirani, amweleze aliyemwandikia.

Ya nne ni makatazo. Mzee ana shinikizo la damu, basi akakatazwa chumvi. Ana kisukari, akakatazwa wanga. Jirani akaongeza kwamba mayai ni mabaya, mwingine akasema nyama ni sumu. Nimewahi kumwona bibi mmoja Mwananyamala aliyekuwa amekatazwa vitu vingi kiasi kwamba alibakiwa na ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha, naye alikuwa ngozi na mifupa. Mzee aliyekonda hahitaji makatazo mapya. Anahitaji mtu wa kumwambia ale nini.

Ya tano ni ile ya mama yangu: mzee hugawa chakula chake. Nayo ya sita, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko zote katika mji huu, ni kula peke yake. Vijana huondoka alfajiri kuwahi daladala, watoto wako shule, nyumba imebaki na mzee na hotipoti. Sisi tuliolelewa kula kwenye sinia moja twajua kwamba chakula si tumbo tu. Mtu akikaa peke yake mbele ya sahani, tonge la tatu humshinda.

Sasa, tutajuaje kabla mambo hayajaharibika? Ndugu zangu, hapahitajiki mashine. Yapo mambo matatu, na hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuyafanya.

Kwanza, mzani. Mpime mzee kila mwezi, mzani ule ule, nguo nyepesi, na uandike kwenye daftari. Kama nyumbani hakuna, ipo mizani katika vituo vya afya, na wapo vijana wanaopima watu uzito barabarani kwa malipo madogo. Mzee akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita bila kukusudia, hiyo ni hatari. Yaani mzee wa kilo 60 akifika kilo 57, usingoje kilo 50.

Pili, utepe wa fundi cherehani. Mkalishe mzee kitini, goti limekunjwa, unyayo umekanyaga sakafu. Zungusha utepe kwenye shavu la mguu pale palipo panene zaidi, bila kubana. Ikiwa ni chini ya sentimita 31, yaelekea misuli imepungua na lishe yake inatakiwa kuchunguzwa. Lakini kama miguu imevimba kipimo hiki kitakudanganya, na uvimbe wenyewe ni sababu ya kwenda hospitali.

Tatu, macho. Tazama mkanda wa suruali, pete inayochomoka kidoleni, kanga inayozunguka mara mbili. Tazama kilichobaki kwenye sahani, na ni nani aliyekimaliza.

Juu ya chakula chenyewe, nataka kuwaondolea wasiwasi kwamba lishe ya mzee ni jambo la fedha nyingi. Wataalamu hushauri kwamba mzee apate kama gramu moja hadi gramu moja na robo hivi ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 50 basi ahitaji kama gramu 50 hadi 60. Mwenye maradhi ya figo aulize hospitali kwanza. Sasa fanyeni hesabu, kama tulivyofundishwa katika madarasa haya. Chai ya rangi haina kitu. Maandazi mawili, ugali kidogo na mchicha mchana, chai na mkate jioni: vyote pamoja havifikii hata nusu ya kiasi hicho. Lakini yai moja lina kama gramu 6. Kikombe kikubwa cha maziwa kina kama gramu 8. Konzi ya karanga ina kama gramu 7. Na dagaa wakavu, wale tunaowadharau, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Yai moja, ndugu zangu, ni nafuu kuliko soda moja, na mara ngapi tumekwenda kuwasalimu wazee tumebeba soda!

Namna ya kupika ndiyo siri. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma waoshwe vizuri mchanga utoke, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta, kisha watwangwe wawe unga. Vijiko viwili vya unga huo ndani ya mchuzi au mboga havihitaji jino hata moja. Samaki atolewe miiba, apikwe kwa tui, asikaangwe akakauka. Mbaazi za nazi, kunde na choroko zipikwe mpaka zivurugike. Uji wa asubuhi uwekwe maziwa, au karanga zilizosagwa. Wenzetu wa Kilimanjaro wana mtori, wenzetu wa pwani wana bokoboko. Vyote viwili ni vyakula vya mzee kana kwamba vilitungwa kwa ajili yake. Parachichi lililopondwa, papai bivu na maziwa ya mtindi havimshindi mtu. Kama chumvi imepunguzwa, weka limau, kitunguu, tangawizi na bizari ili ulimi uamke.

Nawaonya juu ya jambo moja. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasitiwe katika uji wa mtu yeyote, hata kama ni bei ya chini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Chagueni, na kilichoharibika kitupwe.

Tena, mzee asipakuliwe mlima wa chakula. Apewe kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Na maji: mzee kiu humpotea, hivyo asingojewe aombe, apewe kikombe kila baada ya saa chache, isipokuwa kama daktari amempunguzia. Na atembee. Chakula bila kutumia misuli hakirudishi nguvu. Kuinuka kitini na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni, ni mazoezi ya kutosha kuanzia.

Hata hivyo yapo mambo ambayo jiko haliwezi. Mzee akikohoa wiki mbili na zaidi huku akikonda, akipaliwa anapomeza, akikojoa sana na kuwa na kiu, akipata uvimbe, au akikonda ingawa anakula vizuri, apelekwe hospitali. Naye aliyekaa siku nyingi bila kula kitu asishindiliwe chakula kingi siku ya kwanza. Hilo linaweza kumdhuru. Aanze taratibu na aonwe na mganga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na ikagusa pia matibabu ya wazee. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkaulize utaratibu wa kumtambulisha mzee wenu. Msimwachie mzee wa miaka 80 akapange foleni ya kuuliza.

Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofika miaka 70, wakianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku bara wazee wengi waliokuwa wakulima, wachuuzi na vibarua hawana pensheni yoyote. Mpishi wetu ni mmoja wao, kwa kuwa miaka yake mingi jikoni aliifanya kwa malipo ya kutwa. Kwa hiyo basi, mzee wa namna hiyo ana watoto wake, na ana wale aliowalisha.

Hapo ndipo ninapofikia ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akina mama wa kujitolea katika mji wa Hemel Hempstead walianza mwaka 1943 kuwapelekea wazee chakula cha moto majumbani. Hawakungoja vita viishe. Sisi tuna Umoja wenye wanachama, tuna mweka hazina, tuna simu, na kila mwaka twakusanya michango ya misiba. Tunamchangia mtu akifa. Napendekeza tuanze kumchangia angali hai.

Napendekeza iandikwe orodha ya walimu wetu wastaafu, wapishi, walinzi na makarani wa shule hii walio hai, wanaokaa Dar es Salaam na karibu yake. Kila mmoja wao apewe wanachama wawili wanaokaa jirani naye, na mwanafunzi mmoja wa sasa. Mara moja kwa mwezi waende na mzani, utepe na daftari. Waende saa ya chakula, siyo saa ya kuaga. Wale naye. Uzito ukishuka, Kamati iambiwe wiki ile ile, na mwenye nyumba aelezwe kwa heshima, bila kumlaumu, kwa maana mara nyingi mwenye nyumba hajui.

Na ninyi vijana, wengi wenu mnaishi na babu na bibi. Hamna fedha, najua. Lakini mkirudi nyumbani, kabla ya kushika simu, chukueni sahani yenu mkaketi karibu na bibi. Akikupa mnofu wake, mrudishie, umwambie hutakula mpaka naye ale. Hiyo ni dawa ambayo sikuwahi kuwa nayo katika kabati la zahanati.

Mtataka kujua habari za mpishi. Siku ile ya Machi nilimpima: kilo 46, naye ni mtu wa mita 1.68. Utepe ulionyesha sentimita 27. Tulimpeleka hospitali, hakuonekana na ugonjwa mkubwa. Meno matatu yaliyokuwa yakimwuma yalitolewa, na akatengenezewa ya bandia kwa mchango wa wanachama wanne, ambao wamenikataza kuwataja. Mkwewe alilia nilipomweleza, kisha akanunua kinu kidogo cha kutwangia dagaa. Siku hizi wajukuu hula naye chini ya mwembe. Kufikia Septemba mwaka ule ule alikuwa amefika kilo 52. Bado haijatosha, lakini mstari unapanda, na matundu mawili ya mkanda hayatumiki tena.

Nilipomweleza kwamba nitazungumza habari zake hapa bila kumtaja jina, alifikiri kidogo, akaniambia: "Waambie mimi sitaki zawadi. Waambie waje tule." Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Basi, ndugu zangu, twende tukale, na tuhakikishe kwamba mwenye jungu naye amekula.